Kadi ya mtandao inapojisemea yenyewe

Nimenyamaza kwa majuma matatu hivi, na wachache wenu mmeniandikia kuuliza kama tarakilishi yangu imeibwa. Haijaibwa. Nilikuwa nimezama katika kazi ya kupitia mabadiliko ya msimbo. Mistari 214 tu, lakini ilininyima usingizi na nusura inikosanishe na mtu ninayemheshimu sana. Leo nawasimulia. Wale ambao si waandishi wa programu msikimbie, nitakwenda polepole.

Tuanze na jambo ambalo wengi mnalijua nusu. Ukiandika ping 127.0.0.1 utapata jibu hata kama kebo haijachomekwa, hata kama kadi yako ya mtandao imeungua na inanuka moshi. Pakiti hiyo haifiki kwenye kadi kamwe. Kerneli inaipokea kwa mkono wa kulia na kuirudisha kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo fundi anayekuambia "nimejaribu 127.0.0.1, kadi iko sawa" amepima kerneli. Kadi hajaigusa. (Mlipe chai tu, asidai zaidi.)

Kuna kitanzi kingine, cha maunzi yenyewe, na hicho ndicho cha leo. Draiva, yaani ile programu inayoiendesha kadi, inaiamuru kadi igeuze mdomo wake kuelekea sikio lake. Inachotuma inakipokea yenyewe. Mgeuzo huu unaweza kufanyika mahali patatu. Pa kwanza ni ndani ya MAC, sehemu inayounda fremu. Pa pili ni mbele kidogo, ndani ya PHY, sehemu inayogeuza biti kuwa mawimbi ya umeme. Hapo unawasha biti ya 14 ya rejista nambari 0 na PHY inaanza kurudisha kila kitu. Pa tatu ni nje kabisa, kwa kuchomeka plagi iliyofungwa nyaya zake zenyewe kwa zenyewe. Kadiri kitanzi kinavyokuwa mbali na kichakato, ndivyo unavyopima vitu vingi zaidi. Hilo mlishike, tutalihitaji.

Kwenye Linux unaweza kujionea mwenyewe. Amri ni ethtool -t eth0 offline, na sharti uwe msimamizi wa mashine. Draiva ya e1000 ya Intel, kwa mfano, hupima mambo matano: rejista, EEPROM, ukatizo, kitanzi, na kiungo cha kebo. TAHADHARI: neno offline lina maana yake. Kadi inaacha kazi zake wakati wa jaribio. Usiijaribu kwenye seva ya watu saa nne asubuhi halafu useme nilikutuma mimi.

Kwa kupitisha tu: lile jaribio la EEPROM hujumlisha maneno 64 ya mwanzo ya kumbukumbu ya kadi na jibu lazima liwe 0xBABA. Ndiyo, BABA! Sijui mhandisi aliyechagua nambari hiyo alikuwa anamwaza nani, lakini kila nikiiona natabasamu. Watu hawakutabasamu mwaka 2008, wakati kerneli ya 2.6.27 ikiwa bado kwenye matoleo ya majaribio ilipoanza kuharibu kumbukumbu za kadi zinazotumia draiva ya e1000e. Kadi nzima zikawa hazifai. Draiva yenyewe ilishukiwa kwanza, kisha ikagundulika kuwa mkosaji ni kifaa cha kufuatilia kerneli kiitwacho ftrace, kilichokuwa kinaandika mahali ambapo hapakuwa tena pake. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani programu haiwezi kuua chuma. Inaweza.

Haya, turudi kwenye mistari 214.

Kampuni ninayofanyia kazi hapa Nairobi (sitaitaja) inaunda visanduku vidogo vya kuwekwa kwenye zahanati. Kisanduku kinasoma joto la jokofu la chanjo na kutuma taarifa kupitia rauta ya zahanati. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Jokofu likizima usiku, kisanduku ndicho kinachopiga kelele. Kisanduku nacho kikinyamaza, muuguzi anafika asubuhi, anafungua, na hana namna ya kujua kama dawa iliyo mkononi mwake bado ni dawa. Vingine huenda Turkana na Marsabit. Kumtuma fundi kubadilisha kimoja ni basi la usiku hadi Lodwar, kisha pikipiki, kisha kumtafuta mwenye ufunguo.

Ndiyo maana tuna jaribio la kujipima. Linaendeshwa mezani kabla kisanduku hakijafungwa, na linaendeshwa tena kila kinapowashwa huko kilipo. Wazo tumeliiga kwa akina e1000. Kadi na kerneli hushirikiana pete ya kumbukumbu yenye vyumba 256. Jaribio linatuma fremu 64 kwa mkupuo, linazisubiri zirudi, linazikagua, kisha linarudia. Ukichukua 256 ukagawa kwa 64, ukazidisha kwa 2 na kuongeza 1, unapata mizunguko 9, yaani pete inazungukwa mara mbili na kidogo juu yake. Ndani ya fremu kuna alama: nusu ya mwanzo ni 0xFF tupu, nusu ya pili ni 0xAA, na katikati mwa hiyo nusu ya pili kuna 0xBE na 0xAF zilizopandwa kama vigingi. Ukizikuta alama mahali pake, fremu ni nzima.

Tatizo lilikuwa mwendo. Draiva yetu ya zamani ilikuwa inaifunga kadi na kuifungua upya kila mzunguko, na kila ikifungua inaisubiri PHY itulie. Jaribio zima lilichukua kama sekunde arobaini. Mwandishi wa draiva akaamua kulifupisha: kadi ifunguliwe mara moja, vyumba vya pete viandaliwe mara moja, mizunguko yote tisa ipite humo humo. Likawa la sekunde sita. Kazi safi, nadhifu, na mimi nikapewa kuipitia kabla haijaingizwa.

Mwandishi huyo ofisini wote tunamwita Mwalimu, maana alifundisha umeme chuoni miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Mimi nilipoingia hapo kwa mafunzo ya miezi mitatu nikiwa bado mwanafunzi, yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kushika kifaa cha kupimia umeme bila kujiunguza. Msimbo wake huwa naupitia kama mtu anayesahihisha mtihani wa baba mkwe.

Sasa, unapopitia mabadiliko unaona mistari iliyotolewa, iliyoongezwa, na mistari mitatu ya juu na mitatu ya chini ili ujue uko wapi. Basi. Nilisoma mara mbili nikaona kila kitu kiko sawa. Mara ya tatu nikafungua faili lote badala ya kutazama kipande kilichobadilika, na hapo nikafika kwenye kazi ndogo inayokagua fremu zilizorudi. Haikuwa imeguswa hata herufi moja. Ila nilipoisoma niligundua kwamba haimuulizi mtu yeyote kama fremu imefika. Inakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kumbukumbu na kutazama kama kuna 0xFF, 0xBE na 0xAF. Zikiwapo, inahesabu moja.

Zamani hilo halikuwa na madhara. Kufunga na kufungua kadi kulikuwa kunaleta vyumba vipya vilivyojaa sifuri, kwa hiyo alama zikionekana ni lazima kadi ndiyo iliyoziweka. Lakini sasa vyumba ni vile vile. Mzunguko wa kwanza unajaza vyumba 64, wa pili 64 vingine, na ukifika wa tano umerudi ulikoanzia, na alama za mzunguko wa kwanza bado zimelala mle. Kadi ikifa baada ya mzunguko wa nne, mizunguko mitano iliyobaki itakuta ushahidi wa fremu za zamani na kusema "64 kati ya 64". Ubaya zaidi, vyumba hivyo havikuwa vinaachiliwa baada ya jaribio; vinabaki hadi kisanduku kizimwe. Maana yake ukiliendesha jaribio mara ya pili bila kuzima, mizunguko yote tisa inaweza kupita bila fremu hata moja kusafiri. Kasuku!

Lile pengo halimo kwenye mabadiliko yenyewe. Limo kwenye kitu kilichoondolewa kimya kimya, yaani usafi ambao hakuna aliyewahi kuuandika kama usafi. Ulikuwa ukitokea tu, kama mwanga wa jua unaokausha nguo wakati wewe unadhani ni kamba.

Nilimwendea mwenyewe kwanza kabla sijaandika chochote.

"Mwalimu, samahani. Naomba dakika kumi zako, kuna kitu kwenye lile jaribio la kitanzi."

"Jaribio linapita, kijana. Nimeliendesha mara mia mbili."

"Nimeona, Mwalimu. Naomba nikuonyeshe mezani."

Nilikuwa nimeongeza mstari mmoja tu kwenye draiva: mzunguko wa nne ukiisha, zima kipokezi cha kadi. Yaani tunaikata kadi sikio makusudi, halafu tunaiuliza inasikia nini. Nikaendesha. Mizunguko tisa, 64 kwa 64, NZIMA. Nikaendesha mara ya pili, kipokezi kikiwa kimezimwa tangu mwanzo. NZIMA tena.

Alikaa kimya. Akaniomba nirudie, akasoma ule mstari wangu mwenyewe kuhakikisha kwamba kweli unazima kipokezi. Kisha akasema jambo ambalo, kusema kweli, halikuwa la kijinga. Alisema kadi mbovu ni mbovu tangu mwanzo, na ile mizunguko minne ya kwanza baada ya kuwasha bado inapima kweli. Kadi inayokufa ndani ya sekunde sita za jaribio ni ya kutafutwa kwa tochi. Na visanduku arobaini vinatakiwa kuondoka Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mimi nilimjibu kwamba mizunguko tisa tuliiweka kwa ajili ya kadi za namna hiyo hasa, zile zinazoanza vizuri na kulegea zikipata joto. Na pale mezani jaribio huendeshwa mara mbili au tatu mfululizo bila kuzima. Kama hatutaki kuzitafuta kadi hizo, tupime mzunguko mmoja, tuseme wazi tumepima mmoja. Akaniangalia, akasema: "Basi andika. Andika yote hayo kwenye mapitio, jina langu na lako yakae hapo."

Ambao hamjafanya kazi hii huenda hamwelewi uzito wake. Mapitio hayafutiki. Miaka kumi ijayo kijana mwingine atafungua historia ya faili lile na kusoma kwamba mimi, niliyefundishwa na mtu huyu, nilimkatalia kazi yake siku mbili kabla ya mzigo kuondoka. Niliandika. Nilijitahidi kuandika juu ya msimbo na kuacha mtu pembeni: si "umesahau", bali "vyumba havisafishwi kati ya mizunguko, na matokeo ni haya". Niliambatanisha ule mstari wangu wa kuzima kipokezi ili mtu yeyote arudie mwenyewe. Hata hivyo kwa siku mbili salamu zetu zilikuwa fupi.

Dawa haikuwa ngumu. Kwanza, kabla ya kila mzunguko vyumba vya kupokelea vinapakwa 0x5A, namba isiyofanana na alama yoyote. Pili, tunaitazama ile biti ambayo kadi huiweka chumbani ikimaliza kuandika. Bila biti hiyo hatusomi ndani. Tatu, kila fremu sasa inabeba namba ya mzunguko na namba yake ya foleni, kwa hiyo fremu ya mzunguko wa pili haiwezi kujifanya ya sita. Kichakato chetu ni ARM ambacho akiba yake ya ndani haiambatani yenyewe na kumbukumbu ambayo kadi inaandikia, hivyo ilibidi pia tuhakikishe dma_sync_single_for_cpu inaitwa kabla ya kusoma, la sivyo tungekuwa tumemfukuza kasuku mlangoni tukamwachia dirisha. Jaribio bado ni la sekunde sita na nukta. Ubunifu wa Mwalimu ulibaki mzima, na nafurahi kusema hivyo.

Nikiwa humo nikapitia na yaliyobaki. Lilikuwapo jambo la kurudi mapema. Mzunguko ukifeli, msimbo ulikuwa unatoka na kurudisha kosa papo hapo, kabla ya kuizima ile biti ya 14 ya PHY. Fikiria kisanduku kilichoko Loiyangalani kinawashwa asubuhi, fremu moja inapotea, jaribio linafeli, na kadi inaachwa imegeuziwa sikio lake yenyewe. Inajisemea yenyewe mchana na usiku, namba za pakiti zilizotumwa na kupokewa zinapanda kama kawaida, na hakuna hata biti moja inayotoka nje ya sanduku. Hilo Mwalimu alilirekebisha mwenyewe kabla sijamaliza sentensi. Sasa njia zote za kutoka zinapita mlango mmoja, ambako biti inazimwa na mwendo wa kiungo unarudishwa ulivyokuwa.

La mwisho lilinifurahisha. Dada anayesimamia meza ya majaribio alikuwa akilalamika kwa miezi kwamba kuna visanduku vinafeli mara ya kwanza na kupita mara ya pili, na sisi wa msimbo tulikuwa tunamwambia aangalie umeme wake. Kumbe! Kerneli ya Linux huhesabu muda kwa namba iitwayo jiffies. Kwenye mashine za biti 32 namba hiyo hujaa na kurudi sifuri, na ili wandishi wa draiva wasijifanye hawajui, kerneli haianzi kuhesabu kutoka sifuri: inaanza mahali ambapo itajaa dakika tano tu baada ya kuwashwa. Msimbo wetu ulikuwa umeandika jiffies < mwisho, ulinganisho wa kawaida, wakati kuna time_before na wenzake waliotengenezwa kwa kazi hiyo. Na mwongozo wa mezani unasema nini? "Washa kisanduku, kiache kipate joto dakika tano, kisha endesha jaribio." Aliyeendesha ndani ya zile sekunde mbili za kabla ya namba kujaa alipata "mwisho" mdogo kuliko sasa, na jaribio likakata tamaa kabla fremu hazijarudi. Dada alikuwa sahihi tangu mwanzo. Nilimpelekea samosa, akasema samosa hazitoshi.

Tulivipima upya visanduku vyote arobaini Ijumaa na Jumamosi. Thelathini na tisa vilipita. Kimoja kilipita mizunguko minne, kikaanza kupoteza fremu kwenye wa tano, 61 kati ya 64, na kikipoa kinapita tena. Mkubwa wa idara aliuliza, na ni haki yake kuuliza, kama kuchelewesha mzigo hadi Jumatatu kwa ajili ya kisanduku kimoja ilikuwa na maana. Nilimwambia swali hilo aliulize kule kitakakokwenda. Mwalimu, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema, "Hicho kimoja kingekuwa changu kukifuata," na mazungumzo yakaisha hapo. Salamu zetu zimerudi urefu wake.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna msimbo utakaolitibu, na ndiyo sababu niliwaambia mshike zile sehemu tatu. Jaribio letu linageuza fremu ndani ya PHY. Mbele ya PHY kuna transfoma ndogo, kisha tundu la plagi, na hapo radi ndipo inapopiga ikija kwa njia ya kebo. Baadhi ya visanduku vinakwenda Kakamega na Kisii, na wanaozijua mvua za huko hawahitaji maelezo. Transfoma inaweza kuungua na kitanzi cha ndani kikasema kila kitu kiko salama, na hakitakuwa kimesema uongo, maana hakikuulizwa habari za transfoma.

Kwa hivyo tumetengeneza plagi. Chukua kichwa cha RJ45 na vipande viwili vya waya vya urefu wa kidole. Unganisha pini 1 na 3, halafu 2 na 6. Hiyo inatosha kwa mwendo wa megabiti 100. Kwa gigabiti ongeza 4 na 7, na 5 na 8. Chomeka, na kama draiva yako inakubali, mpe ethtool -t neno external_lb badala ya offline. Zetu tumezifunga utepe mwekundu ili mtu asizisahau zimechomekwa.